Neno "Alter" na Ndugu Zake

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo la Kiingereza kwa muhula huu, akaniachia mimi mwenyewe kuchagua. Nimechagua maneno ya kubadili vitu na kuvitengeneza upya. Katika madaftari ninayosahihisha kila juma ndiyo yanayokosewa sana, na tena neno moja katika hayo liliwahi kumtia mwanafunzi wangu katika mashaka makubwa, na mimi nilikuwa na sehemu yangu katika mashaka hayo. Wazazi wasiojua Kiingereza nawaomba wasiruke ukurasa huu, maana mtu aliyenifundisha sehemu kubwa ya somo hili hakukijua hata kidogo.

Ilikuwa mwaka 2011, katika shule niliyokuwa nikifundisha kabla ya kuhamia hapa. Wakati ule ada ya shule za sekondari za serikali ilikuwa haijafutwa. Kwa Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne ilifutwa mwaka 2016. Mwanafunzi wa bweni alilipa benki shilingi 70,000 kwa mwaka, kisha akaleta stakabadhi kwa mhasibu. Basi mvulana mmoja wa Kidato cha Pili alileta stakabadhi ambayo namba yake haikulingana na ile aliyokwisha kuitaja juma lililotangulia. Mhasibu akamtaka aeleze kwa maandishi, kwa Kiingereza kama ilivyokuwa desturi ya shule. Kijana akaandika mistari mitatu, na mstari wa pili ulikuwa huu: "My father altered the receipt because my name was wrong."

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa lake, na ndiye niliyemfundisha Kiingereza. Karatasi ile ilipofika mezani pangu niliisoma mara moja tu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni neno "forgery", maana yake kughushi, nikaipeleka mbele ya kamati ya nidhamu. Kijana akazuiwa kuingia darasani mpaka baba yake aje. Siku nne alishinda nje akifyeka majani, na wenzake wakimpitia wakamwita mwana wa mghushi.

Ili wasomaji waone kwa nini nilikimbilia kalamu nyekundu, yafaa kwanza nieleze sentensi ile yasemaje kwa Kiingereza. "To alter" ni kukigeuza kitu kwa sehemu, nacho kikabaki kuwa kitu kilekile. Mtu aki-"alter" stakabadhi, karatasi ni ileile, muhuri ni uleule, lakini jina au tarakimu ndani yake imeguswa kwa mkono: 1 imefanywa 7, sifuri moja imeongezwa. Katika mambo ya fedha neno hili lina uzito. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 inayohusu hundi na hati za namna hiyo inasema kwamba hati iliyoguswa hivyo katika jambo kubwa, kama kiasi cha fedha au tarehe, bila ridhaa ya wote wanaohusika, huwa batili, isipokuwa dhidi ya yule aliyeigusa au kuikubali na wale walioipokea na kuitia sahihi baada yake. Kwa hiyo kijana alikuwa ameandika, bila kujua, kwamba baba yake amechezea hati ya benki.

Siku ya tano mzee akafika, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, nadhani aliisahau. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akakaa. Nilipomweleza shitaka, hakukasirika. Alitia mkono katika mfuko wa shati akatoa karatasi mbili zilizokunjwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa na jina la mwanawe lililokosewa herufi mbili, na juu yake mistari miwili na muhuri wa benki wa kuibatilisha. Ya pili ilikuwa nakala ya ile aliyoleta kijana, jina likiwa sahihi na namba mpya.

"Mwalimu," akasema, "walikosea jina, nikarudi, wakanibadilishia. Sasa kosa langu liko wapi?"

Kosa halikuwapo. Kijana alitaka kusema kwamba baba yake alirudisha stakabadhi na kupewa nyingine. Kwa Kiingereza angeandika "My father had the receipt replaced", au kwa urahisi zaidi, "The bank gave my father a new receipt." Nikamwita, nikamwuliza neno lile "alter" alilitoa wapi, maana katika darasa langu sikuwahi kulifundisha. Akatazama chini, akajibu, "Mwalimu, si ndilo lililoandikwa kwenye kibao cha baba?"

Jumamosi ile nikaenda kuona kibao chenyewe. Kilikuwa juu ya cherehani ya mzee, kwenye baraza ya duka sokoni, kimeandikwa kwa rangi ya bluu: TAILORING AND ALTERATIONS. Kijana alikua chini ya maneno yale. Kwake yalikuwa maneno ya kazi halali ya baba yake, na alipotafuta neno la Kiingereza la kubadili kitu kilichokosewa, alichukua lile alilolijua tangu utoto. Nami ndani ya siku nne sikuwa nimemwuliza hata mara moja.

Nilikaa pale barazani hadi adhuhuri, na humo ndimo lilimotoka somo hili. Mzee alikuwa na kazi sita mezani, na kila moja aliiita kwa jina lake. Suruali ya kwanza ilikuwa pana kiunoni, akaibana. Kiingereza husema "take in". Gauni la pili lilikuwa limembana mwenyewe, akafumua mshono na kuuachia. Hiyo ni "let out". Sketi ya shule iliyokuwa fupi akaishusha pindo, "let down", na suruali ndefu akaipandisha, "take up". Kazi hizo nne zote ni "alterations", kwa sababu nguo ni ileile, mwenye nguo ni yuleyule, ila sasa inamkaa. Kazi ya tano ilikuwa shati lililochanika kwapani. Hapo hakuna "alter". Shati lilikuwa zima, likaharibika, likarudishwa katika hali yake: "mend". Kazi ya sita ilinipendeza kuliko zote. Lilikuwa shati zuri ambalo kola yake imelika kwa kusuguana na shingo. Mzee alifumua kola, akaigeuza upande wa ndani ukawa nje, akaishona tena. Waingereza nao wana desturi hiyo na huiita "to turn a collar", kugeuza kola, neno kwa neno kama sisi.

Nikamwuliza, "Na mteja akikuletea kanzu ya marehemu baba yake umshonee mwanawe mashati mawili?" Akasema, "Hiyo si kubadili, mwalimu. Hiyo nafumua yote nashona upya." Naam, na Kiingereza nacho hakisemi "alter" hapo. Husema "remake", au "make over", au "make two shirts out of a kanzu". Kanzu haipo tena.

Sasa na tuliangalie neno letu wenyewe, maana chanzo cha kosa kimo humo. Kubadili tumelipata kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa neno badala. Ndani yake mna wazo la kimoja kuondoka na kingine kushika nafasi yake. Ndiyo sababu tunabadili nguo, tunabadilisha fedha, tunabadilishana zamu, na stakabadhi iliyokosewa "tunabadilishiwa". Lakini tunabadili pia tabia, rangi ya ukuta na mwendo, ambapo hakuna kilichoondoka. Neno moja linabeba kazi mbili. Hata wanasheria wetu wameliona jambo hili: Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 98, haikuacha neno kubadilisha lijieleze lenyewe, bali imefafanua kwamba ni pamoja na kurekebisha masharti, na pia kuyafuta na kuweka mengine badala yake.

Katika Kiingereza neno linalobeba kazi zote mbili ni "change". Ukisema "I changed my shirt", umevua moja ukavaa nyingine. Ukisema "I changed my plan", huenda mpango ni uleule umeugeuza kidogo, huenda umeuacha kabisa. Lakini "alter" haliwezi kubeba kazi ya badala. "I altered my shirt" maana yake ulishika sindano. Gari likipata pancha barabarani, dereva "changes the wheel". Aki-"alter" gurudumu, abiria na washuke. Kijana angeandika "changed the receipt", sentensi isingekuwa nzuri, na pengine mhasibu angemwuliza maswali, lakini mimi nisingeandika lile neno jekundu. Kwa hiyo mwanafunzi asiyekuwa na hakika achukue "change", au "replace" kama kitu chenyewe kimeondoka. Kiasili "alter" limetokana na Kilatini, na huko lilikuwa na maana ya "-ingine", yaani wa pili kati ya wawili. Ni ajabu kidogo kwamba Waingereza wamelifanya lisitumike kwa kingine.

Kuna kosa jingine ambalo halina hatari lakini linanichosha mkono kulisahihisha. Kiswahili chetu kina mnyambuliko: badili, badilika, badilisha. Kitenzi chenyewe kinatuambia kama jambo limejifanyika au limefanywa na mtu. Mwanafunzi akitaka kuandika "hali ya hewa ilibadilika", anaona kwamba lazima ile -ika aipeleke mahali fulani katika Kiingereza, basi anaandika "The weather was changed." Mwingereza atauliza, nani aliyeibadilisha? Andika "The weather changed", basi. "Change" na "alter" husimama pande zote mbili bila kugeuka umbo. "The town has altered since my childhood" ni sentensi safi, na maana yake mji umebadilika. Lakini "modify" na "adjust" huonyesha mara nyingi kwamba yuko mtu aliyekifanyia kitu kazi hiyo: fundi hu-"modify" injini, na mimi na-"adjust" kioo cha gari au saa iliyo nyuma dakika tano. "Adjust" ni kusogeza kidogo mpaka kikae sawa. Tafadhali msiandike "adopt" mnapotaka "adapt". La kwanza ni kuchukua kitu au mtoto kuwa wako, la pili ni kukifanya kitu kifae kwa matumizi mapya, kama riwaya inapofanywa mchezo wa kuigiza. Mwalimu Nyerere alipotoa kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar mwaka 1963, haikuwa "adapt", kwa sababu mchezo ulibaki wa Roma na Warumi wake. Aligeuza lugha tu, na hiyo ni "translate".

"Convert" ni kukigeuza kitu kutoka matumizi, kipimo au imani moja kwenda nyingine. Futi ya mzee yule ilikuwa na inchi upande mmoja na sentimeta upande wa pili. Inchi moja ni sentimeta 2.54 kamili, na kutoka upande mmoja kwenda wa pili ni "convert". Majengo ndiyo mifano bora. Hagia Sophia ya Istanbul ilimalizika kujengwa mwaka 537 ikiwa kanisa. Mwaka 1453 Waturuki walipouteka mji ikafanywa msikiti. Katika karne ya 20 ikafanywa makumbusho, na mwaka 2020 ikarudishwa kuwa msikiti. Kila mara ilikuwa "converted", maana kuba na kuta zilibaki. Sasa tazameni Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pale. Mwanafunzi mmoja aliandika "The slave market was converted into a church." Nilimkata alama moja, akalalamika mpaka nyumbani kwangu. Soko halikugeuzwa kuwa kanisa. Kanisa lilijengwa mahali lilipokuwa soko: "A church was built on the site of the slave market." Naona tofauti hii ni kubwa, na siirudishi ile alama.

"Transform" ni kugeuza umbo au hali kwa namna kubwa hata mtu aliyekijua kitu zamani ashangae. Kiwavi akiwa kipepeo, hilo ni neno lake. Wanafunzi wengi hulipenda kwa sababu ya ukubwa wake, wakaandika "I transformed my bed" wakitaka kusema wamehamisha kitanda. Ingawa hapa Waingereza wenyewe si wanyofu: transfoma iliyo juu ya nguzo karibu na bwalo letu haifanyi umeme kuwa maji. Inaupokea umeme wa volti nyingi, kama 11,000, na kuushusha mpaka ule wa 230 tunaoutumia bwenini, nao ni umeme uleule. Mwalimu wa fizikia ataeleza zaidi.

Yamebaki maneno ya kutengeneza kilichoharibika, na hayo nitayapita upesi. Viatu, redio na barabara ni "repair". Nguo na uzio "mend", ingawa hapo "repair" pia hukubalika. Jengo la zamani likirudishwa lilivyokuwa mwanzo ni "restore". Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja ilipoanguka mwezi Desemba 2020, hilo ndilo neno lililostahili kazi ya kuirudisha. Ukipaka rangi mpya, ukaweka madirisha ya kisasa na mabomba, umeifanyia nyumba "renovate", nayo si lazima ifanane na zamani. Sheria na katiba ni "amend". Kwa mabadiliko ya tano ya katiba yetu, mwaka 1984, Haki za Binadamu ziliingizwa humo, na kwa yale ya nane, mwaka 1992, vyama vingi vikaruhusiwa: kila moja ni "amendment". Nanyi mtafurahi kujua kwamba "mend" ya shati na "amend" ya katiba ni neno moja la zamani. Shati lilikata herufi ya mbele likabaki na fupi. Kutoka Kilatini maana yake ni kuondoa kosa.

Juu ya "reform" na "recover" jihadharini na kistari. "Recover" ni kupona, lakini "re-cover" ni kuvika kiti kitambaa kipya. "The patient was re-covered" ni jambo la kusikitisha.

Na kabla sijasahau, "altar" ya kanisani ina a mbili. Mkristo akumbuke neno letu altare, atapata a ya pili bila taabu. Zaidi ya hayo, Mmarekani akikuambia paka wake "has been altered", usimwulize amepakwa rangi gani. Amehasiwa.

Yule kijana alirudi darasani siku ileile aliyofika baba yake. Barua ya kamati niliiandika upya kwa mkono wangu, na mbele ya darasa nikasema kwamba aliyekosea ni mimi, kwa kusoma neno bila kumsoma mwandishi. Wenzake walinyamaza. Jina la mwana wa mghushi halikufa mara moja, maana majina ya bwenini hayafi kwa tangazo la mwalimu. Lilidumu kama mwezi hivi. Yeye hakulalamika. Karatasi yake yenye neno langu jekundu aliniomba apewe, nikampa.

Kwa wanaotaka kujipima, haya ni mazoezi. Andikeni kwa Kiingereza, mkichagua kitenzi kimoja kwa kila sentensi, na mniletee kabla ya kufunga muhula. Wa Kidato cha Kwanza wafanye matatu ya mwanzo tu.

Mama aliipeleka sketi yangu kwa fundi, akaishusha pindo. Saa ya shule ilikuwa mbele dakika kumi, bwana zamu akairekebisha. Kijiji chetu kimebadilika sana tangu barabara ifike. Ghala la pamba limefanywa maktaba. Nilinunua kitabu chenye kurasa zilizokosekana, nikakirudisha dukani wakanibadilishia. Babu amegeuza kola ya shati lake.